Ramani ya kujitolea sio ya kubahatisha

Jamani hii ya kusema eti OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, haiaminiki sababu yeyote anaweza kuibadilisha, sio kweli. Kila badiliko linabaki kwenye historia na jina la akaunti iliyofanya, mtu akiharibu mwingine anarudisha ilivyokuwa. Tatizo lenyewe liko kwingine kabisa: wachoraji wengi wako mbali, wanafuatisha picha za setilaiti, kwahiyo ukienda vijiji vya Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, unaweza kukuta nyumba zimechorwa vizuri tu ila zahanati haina jina, na njia ya kwenye mikorosho inaonekana inapitika wakati masika ni tope tupu, picha ya kiangazi itajuaje hilo? Anayejua ni mwenyeji, na kusahihisha ni bure, simu inatosha.