Sodiamu ya M4: majitu mekundu hayakuipika yenyewe

Mchuzi wenye chumvi ukifurika kwenye jiko la gesi, mwali wa buluu hugeuka manjano papo hapo. Manjano hayo ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Sodiamu hiyo hiyo ndiyo ninayoitafuta kwenye nyota, ila huko mambo ni kinyume: gesi ya juu ya nyota huifyonza rangi hiyo. Ukiutawanya mwanga wa nyota kama upinde wa mvua, mahali pa manjano hayo unakuta mistari miwili myeusi, kwenye nanomita 589.0 na 589.6. Kwa majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka na kuvimba, mistari hiyo huwa mizito mno, hivyo kupimia tunatumia mingine iliyo hafifu, kama ule wa 568.8.

Sasa ni kiangazi na anga la Dodoma ni jeupe. Toka nje kidogo ya mji, uelekee Bahi au Kongwa, mahali taa hazifiki. Jioni za mwezi wa saba kundinyota la Nge hupanda juu sana, na nyota yake nyekundu, Kalbu Akarabu, haijifichi. Elekeza darubini ya mkono hapo, kisha sogea kidogo magharibi. Utaona doa kama moshi. Hilo ni M4, fungunyota tufe: nyota maelfu kwa maelfu zilizoshikamana kwa mvutano wao wenyewe, takriban miaka ya nuru 6,000 kutoka hapa, zenye umri wa karibu miaka bilioni 12.

Nyota za fungu moja zilizaliwa pamoja, kwa hiyo ungetarajia ziwe na kemia moja. Kwa chuma ni kweli: katika M4 karibu zote zina kiasi kile kile, kama sehemu moja ya kumi ya kile cha Jua. Lakini mwaka 2008 Anna Marino na wenzake walipima majitu mekundu 105 ya M4, wakakuta makundi mawili. Kundi moja lina sodiamu karibu mara mbili ya jingine, na penye sodiamu nyingi oksijeni imepungua.

Nani aliipika sodiamu hiyo? Kwa miaka mingi wengi waliyashuku majitu yenyewe, na shuku hiyo ilikuwa na msingi. Nyota ikivimba kuwa jitu, tabaka lake la nje huchimba chini na kupandisha vilivyokuwa ndani, kama uji unaokorogwa. Ndiyo maana kaboni hupungua usoni mwake na nitrojeni huongezeka. Kwa nini sodiamu isipande kwa njia hiyo hiyo?

Jibu lililonishawishi mimi lilikuja mwaka 2001. Raffaele Gratton na wenzake, wakitumia darubini kubwa ya VLT kule Chile, waliyaacha majitu wakapima nyota ndogo za NGC 6752, fungu lililo katika kundinyota la Tausi. Nyota hizo bado hazijavimba wala hazijakorogeka. Wakakuta mambo yale yale: sodiamu juu, oksijeni chini. Na kugeuza neoni kuwa sodiamu kwa wingi kunataka joto la nyuzi milioni 40 hivi na zaidi. Vitovu vya nyota ndogo kama hizo havifiki huko. Zilizaliwa nayo.

Kwa hiyo gesi iliyoziumba ilikuwa imeshapita kwenye tanuri la nyota nyingine, zilizokuwa kubwa zaidi na zilizokwisha kufa. Ni zipi hasa, wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaotaja nyota za uzito wa wastani zilizozeeka na kupeperusha matabaka yao. Wapo wanaotaja nyota nzito zinazozunguka kwa kasi. Wengine wanataja nyota zenye uzito wa maelfu ya Jua. Kila pendekezo linakwama mahali. Nyota zilizozeeka, kwa mfano, huelekea kuzalisha sodiamu na oksijeni kwa pamoja, wakati tunachokiona ni moja kupanda nyingine ikishuka, na tena gesi yao peke yake haitoshi kuumba nyota nyingi kiasi hicho. Kwangu mimi hesabu hiyo ya gesi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu katika mafungu mengi nyota zenye sodiamu ya ziada ndizo zilizo nyingi.