Baada ya kiharusi: kwa nini naandika malengo ya wiki mbili

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi karibu wote huja na swali moja: "Daktari, baba atatembea lini?" (Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, ila nimeshachoka kusahihisha.) Kutembea ni lengo halali kabisa, lakini ni la miezi. Kwa sasa mzee hawezi hata kukaa ukingoni mwa kitanda bila kulalia upande uliopooza, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Lengo la muda mfupi, kwa namna ninavyoliandika kwenye faili, husomeka hivi: "Ndani ya wiki mbili atainuka kutoka kwenye kiti cha sentimita 50, mara tano mfululizo, bila kushikwa." Nimeweka sentimita 50 kwa kuwa viti vingi vya kawaida vina kama 45, na kadiri kiti kinavyokuwa kifupi ndivyo mapaja na nyonga zinavyolazimika kufanya kazi kubwa zaidi. Akiweza 50, tunashuka. Mara tano, kwa sababu mara moja mtu huweza kubahatisha. Na "bila kushikwa" nimeipigia mstari, maana watoto wenye huruma humnyanyua mzee kwa kumvuta kwapani, na bega lililopooza likivutwa hivyo kila siku huishia kuuma vibaya.

Ukikuta faili limeandikwa "kuimarisha misuli", hilo si lengo. Nani atajua limefikiwa lini?

Watu wengi husema malengo madogo hutia moyo, na ni kweli. Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walichapisha utafiti kuhusu watoto waliokuwa dhaifu katika hesabu za kutoa. Kazi ilikuwa kurasa 42 kwa vipindi saba. Kundi moja lililenga angalau kurasa sita kila kipindi, jingine likalenga kumaliza zote 42 mwishoni. Kazi ni ileile, lakini waliokwenda kwa sita sita walijifunza vizuri zaidi na wakajiamini zaidi.

Mimi nayapenda kwa sababu nyingine: yananiumbua mapema. Wiki mbili zikiisha na mzee bado hainuki kwenye kiti kile, kuna kitu kwenye mpango wangu hakijakaa sawa. Natazama kifundo cha mguu: kikiwa kimekakamaa, mgonjwa hawezi kurudisha unyayo nyuma ya goti, na bila hivyo kuinuka ni kazi ngumu mno. Nauliza nani yuko naye nyumbani mchana. Huenda hakuna, basi mazoezi hayafanyiki. Naangalia pia kama amekata tamaa, kwani sonona baada ya kiharusi ni jambo la kawaida na huonekana kama uvivu. Lengo la "atatembea baada ya miezi sita" lingeyafunika yote hayo mpaka mwezi wa sita.

Halafu lengo liwe la mgonjwa mwenyewe. Mama anayeona aibu kusaidiwa chooni hana habari na mpira wa kufinya wa mazoezi ya mkono. Anachotaka ni kufika choo cha uani peke yake. Basi malengo yake ya karibu yanatoka huko huko: kuvuka kizingiti cha mlango akiwa na mkongojo, kugeuka ndani ya chumba chembamba, kuketi na kuinuka kwenye kiti chenye tundu alichochongewa na fundi wa mtaani. Kuchuchumaa kutakuja baadaye, na kwa wengine hakuji.

Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa wako kliniki, muulize mhudumu: ndani ya wiki mbili tunategemea aweze kufanya nini, na tutapimaje? Ukijibiwa "tuendelee tu na mazoezi", mwombe kwa heshima aandike lengo la wiki mbili kwenye faili, na nawe ubaki na nakala nyumbani.