Kuhifadhi Prunus africana ikiwa hai: mbegu, miti mama na daftari

Maharage yakikaushwa vizuri na kugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hudumu miaka mingi. Mbegu za miti mingi ya misitu ya tropiki hazivumilii hilo, zikikauka, zimekufa. Kwa miti hiyo, bustani ya mimea ndiyo benki ya mbegu yenyewe.

Hapa Bukavu mfano uko karibu: mti wa Prunus africana wa milima ya Kivu. Magome yake hununuliwa Ulaya kwa dawa ya kuvimba kwa tezi dume, na tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, mara nyingi hufa.

Chuma matunda yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau. Toa nyama siku hiyohiyo, osha, tandaza kivulini, kamwe si juani. Panda ndani ya siku chache kwenye pepinyeri (kitalu cha miche) yenye kivuli. Kuota huweza kuchukua miezi miwili, kwa hiyo wiki ya nne usilifukue tuta.

Kosa kubwa hufanyika kabla ya hapo: kuokota mbegu zote chini ya mti mmoja ulio kando ya njia. Unapata miche elfu moja, yote ya mama mmoja. Tafuta miti mama 30 hivi, iliyoachana vya kutosha isiwe ya ukoo mmoja. Idadi hiyo ina hesabu yake: inakupa uwezekano wa 95% wa kunasa aina yoyote ya jeni inayopatikana kwa kiwango cha 5% au zaidi katika kundi. Encephalartos woodii ya Afrika Kusini, mmea unaofanana na mchikichi, inaonyesha hatari yenyewe. Mwaka 1895 ulionekana mmea mmoja wa dume, na yote iliyo bustanini duniani leo ni machipukizi yake. Jike halijapatikana, basi mbegu halisi hakuna.

Kila mche upewe namba, mfano 2025-014/7: mwaka, mti mama, mche. Daftarini andika mahali, mwinuko na tarehe. Namba ichongwe kwa msumari juu ya kibati cha aluminiamu, maana wino hufutwa na mvua. Waya uwe umelegea; ukikaza, shina likinenepa linakatwa. Chora na ramani, kwani vibati hupotea.

Mbegu zilizookotwa bustanini zisirudishwe msituni ikiwa miti iliyotoka misitu tofauti imesimama jirani, kwani imeshachavushana. Nakala za miche ziwekwe pia bustani nyingine, lakini ya mlimani. Bustani ya mimea ya Kisantu, magharibi mwa Kongo, iliyoanzishwa 1893, ina mkusanyiko mkubwa, ila iko chini na kwenye joto. Mti huu ni wa milima yenye baridi.