Vipindi vya watoto vya zamani havikuwa vya polepole kama tunavyokumbuka

Wengi tuliokulia mbele ya televisheni huapa kwamba vipindi vya watoto vya zamani vilikuwa tulivu na salama, na vya leo ni makelele matupu. Kumbukumbu hutudanganya. Sesame Street, iliyoanza Marekani mwaka 1969, iliiga kwa makusudi mbinu za matangazo ya biashara: kipande kifupi, wimbo, herufi, vikaragosi, kisha kingine haraka. Wakosoaji wa enzi hizo walilalamika kwamba kasi hiyo itawaharibia watoto umakini, lawama ileile tunayoisikia sasa. Tena vipindi vyake vya mwanzo vilipotolewa kwenye DVD mwaka 2006, viliwekewa onyo kwamba ni vya watu wazima! Tom na Jerry nao, wa tangu 1940, walitengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, wakitwangana kwa vikaango.

Sasa tazama Bluey ya Australia, iliyoanza 2018. Dakika kama saba tu, na mara nyingi ni baba akicheza na mabinti zake mchezo mmoja hadi mwisho.

Kilichobadilika zaidi ni utazamaji wenyewe. Zamani kipindi kikiisha, ulisubiri kesho. Siku hizi kinachofuata huanza chenyewe kabla mtoto hajainua macho.