Sheria ya Taa Mombasa Ianze na Pembe

Kwenye kikao chochote cha wananchi hapa Mombasa, uwe Kisauni au Changamwe, ombi la taa halikosi. Barabara ina giza, vichochoro vinatisha, kina mama wanaokwenda soko la Kongowea alfajiri wanatembea kwa kubahatisha. Mimi kazi yangu ni kupanga taa za nje, kwa hiyo ombi hilo ndilo linalonilisha, na siandiki hapa kumwambia mtu azime taa yake. Tatizo langu ni kwamba mji huu una taa chungu nzima zinazowaka usiku kucha bila kumsaidia mtu kuona, na nyingine zinamzuia kabisa asione. Kaunti ikitunga sheria ya taa za nje, na mimi naona wakati umefika, ianze na pembe ya taa. Mambo ya wati yangoje.

Chukua ile taa bapa ya LED inayofungwa juu ya ukuta wa nyumba, wati 50 au 100, inayouzwa kila duka la vifaa vya stima. Fundi akishaifunga huinua uso wake utazame barabarani, maana mwenye nyumba anataka ionekane kwamba pana ulinzi. Sasa tupige hesabu. Taa ikiwa mita 4 kutoka chini, mwanga unaotoka kwa pembe ya nyuzi 70 kutoka wima (nyuzi sifuri ni kushuka moja kwa moja chini) unatua kama mita 11 kutoka ukutani. Inua pembe ifike nyuzi 85 na mwanga unatua mita 46. Mwenye nyumba anafurahi, eneo limekuwa kubwa. Lakini kwa mwanga wa nguvu ile ile, ardhi ya mita 46 inapata takriban sehemu moja kwa 60 ya ile inayopata ardhi ya mita 11, kwa sababu mwanga umesafiri mbali zaidi na umeigusa ardhi kwa mshazari mno. Ardhi haikupata kitu. Aliyepata ni dereva wa tuktuk anayekuja upande huu, ambaye jicho lake linaupokea mwanga huo uso kwa uso.

Hapo ndipo anapotiwa kiwi. Mwanga mkali ukiingia jichoni hautulii mahali pamoja. Sehemu yake hutawanyika ndani ya jicho lenyewe na kutanda kama pazia jeupe mbele ya kila kitu, na vitu hafifu ndivyo vinavyopotea kwanza: mkokoteni usio na taa, mama aliyevaa buibui, shimo la barabara. Taa ikikaribia mstari wa kutazama, pazia linazidi uzito. Pembe kati ya taa na kitu unachokitazama ikipungua nusu, uzito huongezeka karibu mara nne. Umri nao una sehemu yake. Jicho la mtu wa miaka 70 hutawanya mwanga takriban mara mbili ya jicho la kijana, na mwenye mtoto wa jicho hali yake ni mbaya zaidi. Halafu utie kioo cha tuktuk kilichopigwa chumvi ya bahari, au kofia ya bodaboda yenye mikwaruzo.

Jaribio lake ni rahisi. Simama mahali unapolinda au unapopita usiku, nyoosha mkono, uifiche taa tu kwa kiganja. Ukiona vizuri zaidi baada ya kuificha, taa hiyo inakunyang'anya macho. Soja mmoja kule Tudor alijaribu mbele yangu, getini pake mwenyewe. Aliinua kiganja, akatazama ng'ambo ya barabara, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Injinia, yule pale kwenye ngazi amekaa tangu saa ngapi?" Yule wa kwenye ngazi alikuwa akiongea na simu tu, hana habari na mtu. Ila alikuwa anamwona soja vizuri sana muda wote, na soja hakuwa anamwona yeye. Taa iligeuzwa usiku ule ule, ikatazama chini kwenye geti na njia ya waendao kwa miguu.

Milingoti ya mulika mwizi haina dhambi kubwa kama watu wanavyodhani. Urefu wenyewe unasaidia, kwa kuwa taa inakuwa juu ya mstari wa macho. Mlingoti wa mita 30 unaweza kuishia nyuzi 70 na bado mwanga ukafika mita 80 na zaidi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuinua vichwa vyake vitazame upeo wa macho. Kwa soko, steji au uwanja, ni taa nzuri. Ukiusimamisha katikati ya nyumba zilizobanana ndipo mambo yanapoharibika: upande mmoja wa kila nyumba unapata mwanga hadi kitandani, upande wa pili unapata kivuli kizito ambacho mtu anaweza kusimama asionekane. Mitaa ya namna hiyo inahitaji taa ndogo nyingi za chini.

Rangi nayo si jambo la urembo. Taa za zamani za sodiamu zilikuwa na mwanga wa chungwa, kama kelvini 2,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikipanda, mwanga unazidi weupe). Nyingi za LED zinazoletwa ni nyeupe kali za kelvini 5,000 hadi 6,500, na mwanga huo una buluu nyingi. Buluu hutawanyika hewani kuliko nyekundu, ndiyo maana anga la mchana ni la buluu, na ndiyo maana taa nyeupe huliangaza anga la usiku kuliko taa ya manjano yenye mwanga sawa. Mwili wa binadamu pia huichukulia buluu kama ishara ya mchana na kuchelewesha homoni ya usingizi. Kelvini 3,000 au chini yake inatosha kwa barabara zetu. Wauzaji watakwambia nyeupe inaokoa stima. Tofauti ipo, lakini kwa LED za leo ni ndogo, na taa moja inayomwaga nusu ya mwanga wake nje ya kiwanja inapoteza zaidi ya hiyo.

Pwani, kuanzia Nyali hadi Bamburi na Shanzu, rangi inakuwa suala la uhai. Kasa hutaga mchangani, na baada ya takriban miezi miwili watoto hutoka usiku na kuufuata upeo wa chini ulio na mwanga zaidi. Kwa kawaida upeo huo ni bahari. Hoteli ikiwasha taa nyeupe inayotazama ufuo, watoto wanageuka kuelekea bustani na maegesho, na jua likichomoza bado wako nchi kavu. Kwenye fukwe za namna hii taa inatakiwa iwe chini, iwe na kifuniko upande wa bahari, na iwe ya kaharabu, yaani manjano inayoelekea chungwa, mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nanomita 560 na kuendelea. Kuna wanaofanya hivyo. Kuna wengine wanaomulika mawimbi ili wageni wayaone wakila chakula cha jioni, na hao sijawahi kuwaelewa.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu kuandama kwa mwezi. Hilali huonekana wakati anga bado lina mwanga wa magharibi, kwa hiyo mng'ao wa mji si adui wake mkubwa. Adui ni taa moja ya karibu inayokupiga machoni unapotazama upeo. Tunarudi kule kule kwenye pembe. Na nahodha anayeingia Kilindini kupitia mlango wa Likoni ana shida ya aina hiyo: lazima atofautishe boya jekundu na la kijani dhidi ya ufuo uliojaa taa zinazotazama baharini.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti taa za barabarani, mabango ya matangazo, na udhibiti wa kero za umma. Vibali vya ujenzi pia hupitia kwenye kaunti. Kwa hiyo mamlaka yapo. Barabara kuu ziko chini ya mashirika ya taifa, KeNHA na KURA, na huko itabidi kuwe na makubaliano, lakini kuta, hoteli, vituo vya mafuta na mabango ni vya hapa hapa.

Mifano ipo pia. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulipiga marufuku taa za matangazo zinazomulika angani mwaka 1958. Ufaransa ilianza mwaka 2013 kudai vioo vya maduka vizimwe kuanzia saa saba usiku. Tusinakili kila kitu. Saa ya kuzima, hasa, ni mtego Mombasa: Ramadhani Mji wa Kale unakuwa hai hadi daku, na sheria inayosema saa nne usiku itavunjwa siku ya kwanza, ikishavunjwa haitaheshimiwa tena. Bora taa ya biashara izimwe au ipunguzwe saa moja baada ya biashara kufunga, iwe ni saa ngapi.

Kwa mwanga unaoingia madirishani, shirika la kimataifa la mwanga, CIE, limependekeza luksi 10 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) kwa makazi ya mjini na luksi 2 baada ya saa ya kuzima. Mwezi mpevu hautoi zaidi ya luksi 0.3 hivi, kwa hiyo hata hizo 2 ni za kulegeza mkono. Mabango ya skrini yawe na kitambuzi kinachopunguza mwanga giza likiingia. Skrini iliyotengenezwa kushindana na jua inaweza kutoa kandela 5,000 kwa mita mraba, kipimo cha ukali wa uso unaong'aa. Usiku mimi ningeweka kikomo 300.

Lakini kifungu cha kwanza kingekuwa kile cha pembe: taa yoyote ya nje yenye lumeni (jumla ya mwanga inaotoa) zaidi ya 1,000 isitoe mwanga juu ya usawa wake, kioo chake kikae bapa kikitazama ardhi. Nakiweka mbele kwa sababu kinatekelezeka. Afisa wa kaunti hahitaji kipimo wala kutoka usiku. Anapita saa nne asubuhi, anatazama taa ya ukutani, na ikiwa imeinuliwa anaona. Luksi na kandela zibaki kwa malalamiko na kwa miradi mikubwa. Masharti hayo yaandikwe kwanza kwenye zabuni za kaunti yenyewe, kisha kwenye vibali vya majengo mapya. Taa ambazo tayari zimefungwa na haziwezi kurekebishwa zipewe miaka 5. Zile zinazohitaji spana na ngazi tu, siku 90 zinatosha.