Katibu Mkuu Kiongozi ni nani hasa, na mbona CS wa Kenya siyo katibu

Juzi nilikuwa kwa kinyozi Sakina, barabara ya Namanga, TV iko chaneli ya Kenya kama kawaida ya huku Arusha, chini ya picha ya mtu pameandikwa CS. Jamaa aliyekuwa kwenye kiti, povu limejaa kidevuni, akauliza, si CS ndo Cabinet Secretary, yaani katibu wa baraza la mawaziri, sasa mbona kila wizara ina wake? Basi ubishi ukaanzia hapo, kidevu kikanyolewa kikaisha watu bado wanabishana. Kulikuwa na mzee mmoja mstaafu, zamani karani serikalini, ndo akatunyoosha, mengine nimeongezea mwenyewe.

Tuwamalize kwanza majirani. Kenya tangu katiba ya 2010 waziri anaitwa Cabinet Secretary, na siyo mbunge, na katiba inataka wasipungue 14 wala wasizidi 22. Kwa hiyo CS wa Afya ni waziri kamili. Katibu wa baraza lao ni cheo kingine, tena kimoja tu. Marekani nao mawaziri karibu wote wanaitwa makatibu, halafu huyo anayeitwa Cabinet Secretary ndo siyo waziri, ni msaidizi wa Rais pale White House. Jina moja, ukivuka mpaka linageuka kichwa chini miguu juu, ndo maana watu wanagombana saluni.

Sasa huyo katibu wa baraza mwenyewe, kwetu Tanzania ni Katibu Mkuu Kiongozi. Kazi zake ziko ibara ya 60 ya katiba: anapanga vikao vya Baraza la Mawaziri, anaandaa orodha ya mambo ya kujadiliwa, anaandika na kutunza kumbukumbu, na anawapelekea wahusika maamuzi. Halafu Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ikamuongezea kofia nyingine, mkuu wa utumishi wa umma wote. Ukisoma haraka unaona kama ni karani mkubwa tu, mi mwenyewe niliona hivyo.

Ila mwaka fulani nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu Moshi, nikaelewa. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, akisema limesemwa. Chini yake kulikuwa na kamati ya chakula, ya usafiri, ya ukumbi, kila moja inavuta hela kwake na haijui mwenzake anafanya nini. Watu wa usafiri wamekodi Coaster mbili, wa chakula wanapikia watu mia nne, hao mia nne wanafikaje? Baba mkubwa hajui hayo, na si kazi yake kuyajua yote. Aliyekuwa na daftari ni mimi, mi ndo nampigia huyu, namrudia yule, naenda kwa baba mkubwa namwambia kikao cha Jumapili tusiongee mapambo tuongee usafiri. Sikuwa na kura ya maana pale, lakini kisichoingia kwenye daftari langu hakikujadiliwa.

Serikalini hilo daftari linaanzia kwenye waraka, yaani andiko la wizara la kuomba uamuzi wa baraza. Tuseme, huu ni mfano tu, wizara ya maliasili inataka kubadili ada za kupanda mlima Kilimanjaro. Hilo siyo lao peke yao, wizara ya fedha inahesabu mapato, ya kazi itauliza wapagazi wanapata nini, TAMISEMI, wale wa serikali za mitaa, nao wana halmashauri zao huku chini. Waraka ukiandikwa hauendi moja kwa moja kwa mawaziri, unapita kwanza kwenye kamati ya makatibu wakuu wa wizara zote, wale watendaji wakuu walio chini ya mawaziri, na mwenyekiti wa hiyo kamati ni Katibu Mkuu Kiongozi. Hapo ndo unatafunwa kweli kweli, kama wizara mbili zinapingana wanabanana hapo hapo au waraka unarudi ulikotoka. Unaofika mezani kwa Rais tayari umeshachujwa.

Kikao kikiisha kazi ya pili inaanza, kuandika kilichoamuliwa na kukipeleka wizarani. Usidharau hii. Uingereza mpaka 1916 baraza la mawaziri halikuwa na mtu wa kuandika kumbukumbu, waziri anatoka kikaoni ana toleo lake la uamuzi na mwenzake ana lake. Vita Kuu ikawabana, ndipo Lloyd George alipoingia uwaziri mkuu Desemba mwaka huo akamweka Maurice Hankey awe katibu wa baraza. Sisi tumerithi mtindo huo.

Wamarekani walichelewa zaidi, ni Eisenhower miaka ya 1950 ndo aliweka katibu wa baraza, Maxwell Rabb. Kule Rais halazimiki kufuata wanachosema mawaziri, na vikao vyenyewe vinakuja kwa nadra, kwa hiyo katibu anafanya zaidi kazi ya daraja: anakusanya taarifa za wizara kwa ajili ya Rais, anawakumbusha mawaziri msimamo wa Ikulu yao ni upi, anapanga nani aende wapi kutetea sera. Seneti haimpigii kura ya kumthibitisha. Obama alianza na Chris Lu, waliyesoma naye sheria Harvard, na hiyo inakuonyesha kinachotafutwa ni mtu wa kuaminika kwanza.

Wa kwetu ana uzito kuliko huyo, maana makatibu wakuu wote wako chini yake. Ndo maana mwanzo wa 2021 watu walishika vichwa: Februari John Kijazi akafariki akiwa kazini, siku chache baadaye Magufuli akamteua Bashiru Ally aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM, na kabla Machi haijaisha Rais Samia, hata wiki mbili hajamaliza tangu aapishwe, akamweka Hussein Kattanga. Wiki sita, watu watatu kwenye kiti kimoja. Januari 2023 akaja Moses Kusiluka.

Na hapo kwa Bashiru ndo saluni ikachafuka tena, maana kijana wa kunyoa alikuwa anajua miaka yote Katibu Mkuu Kiongozi na Katibu Mkuu wa chama ni kitu kimoja. Mmoja ni wa serikali, mwingine wa chama, mzee alirudia hiyo kama mara tatu. Yule wa povu, sasa kidevu safi, akarudi kwenye swali lake, kwa hiyo CS kwa Kiswahili tumuite nani? Mzee hakujibu, alichukua rimoti akatafuta taarifa ya habari ya Kiswahili ya Wakenya hao hao, tukasubiri kidogo, mtangazaji akasema, "Waziri wa Elimu."