Lenzi ya anamofiki kwenye kamera ndogo za filamu

Lenzi ya anamofiki hubana picha upande mmoja tu: upana hupungua, kimo hubaki kilivyo. Ukiitazama filamu iliyopigwa nayo kabla picha haijatanuliwa, watu wote ni wembamba na warefu kupita kiasi, na gurudumu la baiskeli lina umbo la yai lililosimama. Wakati wa kuonyesha, lenzi ya namna hiyohiyo huwekwa kwenye projekta ili kuitanua picha. Maumbo hurudi yalivyokuwa, na skrini nzima inajaa picha pana.

Aliyeibuni katika miaka ya 1920 ni Mfaransa Henri Chrétien, mtaalamu wa elimu ya nyota, akaiita Hypergonar. Ilikaa miaka mingi bila kuvuma. Televisheni ilipoanza kuwavuta watu kutoka majumba ya sinema, kampuni ya 20th Century-Fox iliichukua na mwaka 1953 ikazindua CinemaScope, mfumo wa sinema ya skrini pana, kwa filamu ya milimita 35.

Ila mimi naona inafaa zaidi kwenye filamu ndogo. Fremu ya Super 8, filamu yenye upana wa milimita 8, haifiki milimita 6 kwa upana, na kimo chake ni milimita 4 hivi. Ukitaka picha ya uwiano wa 2.66 kwa 1 kwa kukata juu na chini, unatupa nusu ya fremu ambayo tayari ni finyu, kisha unakuza kilichobaki mpaka chembechembe za filamu zinatawala picha. Lenzi ya anamofiki inayobana mara 2 hutumia fremu yote. Hiyo ndiyo sababu ya kuihangaikia. Ile michirizi ya mwanga inayokatiza skrini, ambayo lenzi hii huitoa taa kali ikiielekea, ni pambo tu.

Kwenye kamera hizi lenzi ya anamofiki kwa kawaida ni kiambatisho kinachofungwa mbele ya lenzi iliyopo. Wengi hutumia vilivyotengenezewa projekta, kama vya Kowa na Sankor. Möller ya Ujerumani ilitengeneza cha kubana mara 1.5 kwa ajili ya kamera za Bolex, nacho hutoa picha ya 2 kwa 1, upana usiochosha macho.

Kwenye kamera ya filamu ya milimita 16, lenzi ya milimita 25 (huo ni urefu wake wa fokasi; ukiwa mfupi, lenzi huona eneo pana zaidi) yenye kiambatisho cha mara 2 huona kwa upana kama lenzi ya milimita 12.5, lakini kwa kimo inabaki ya 25. Kwa hiyo usikimbilie lenzi fupi: itaona kingo za kiambatisho, na pembe za picha zitakuwa nyeusi. Fokasi nayo hupangwa mara mbili, kwenye lenzi na kwenye kiambatisho. Hapo udogo wa fremu unakusaidia, kwa sababu eneo linaloonekana kwa ukali ni refu kuliko kwenye milimita 35.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kiambatisho kukaa upande. Kikipinda kidogo tu, nyumba zinalala, na kompyuta hairekebishi hilo kwa urahisi. Angalia pia kama sehemu ya mbele ya lenzi yako huzunguka unapopanga fokasi, maana itakizungusha na kiambatisho. Kama kamera inakuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, mulika tochi kwenye lenzi ukichungulia: mchirizi wa mwanga ukilala sambamba na ukingo wa chini wa fremu, kaza skrubu.